Vitanda vya Ukutani

Jumanne saa nne na robo asubuhi, msichana mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katika wodi ya mifupa, fomu ya chuo kikuu magotini, utepe wa kupimia shingoni. Fomu ilimtaka achague kozi moja kati ya mbili ambazo alama zake zilitosha: udaktari au uhandisi wa ujenzi. Ilitakiwa kurudishwa Ijumaa. Utepe ulikuwa wa bibi yake, fundi cherehani, aliyelala kitanda namba sita kando ya ukuta, paja limevunjika. Nyumbani msichana huyo aliitwa Rula, maana tangu utotoni hakuwa na imani na kitu ambacho hajakipima.

Bibi alikuwa katika wiki ya nane na mfupa haukuwa umeunga. Picha za eksirei zilionyesha kwamba ulikuwa unakonda, kama kipande cha sabuni kinachotumika kila siku.

"Chagua basi, mke mwenzangu," bibi alisema. "Wino ukikauka utasema nimekuroga."

"Bado naangalia, bibi."

"Unaangalia ukuta."

Ni kweli. Wiki ya kwanza kulikuwa na ufa juu ya kitanda, kutoka pembe ya dirisha hadi usawa wa mto. Rula aliupima kwa mazoea tu: sentimita mia moja na nne. Wiki ya nne ulikuwa sitini na moja. Asubuhi hiyo ulikuwa kumi na tisa. Hakuna fundi aliyeugusa. Utando wa buibui uliokuwa juu yake ulikuwa bado upo, na buibui mwenyewe.

Aliandika katika daftari. Kisha akaandika jambo lingine alilokuwa akilihesabu. Wodi ilikuwa na safu mbili, vitanda sita ukutani na sita katikati. Wa katikati walikuja, wakaunga, wakaenda, wengine kwa haraka hata wakasahau kandambili. Wa ukutani hakuna aliyetoka. Mzee wa kitanda namba mbili alikuwa na mwezi wa tano kwa kuvunjika mkono, tena mvunjiko ambao hata kwa mtoto mtukutu ungepona kwa wiki sita.

"Ukuta una joto upande huu," bibi alimwambia. "Na jioni unavuta. Hauumizi. Ni kama mtoto anayenyonya."

Rula akaenda na daftari kwa daktari wa mifupa, ambaye alimsikiliza huku akinawa mikono.

"Hesabu zako ni safi," daktari alisema. "Lakini nyufa si kazi yangu. Mwone injinia wa majengo."

Injinia wa majengo alikuwa na chumba nyuma ya matangi ya maji. Alisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa.

"Hesabu zako ni safi. Ila mifupa si kazi yangu. Mwone daktari."

Ndipo alipokwenda kwa mjomba wake, ambaye alikuwa na miaka ishirini kwenye eksirei za hospitali hiyo hiyo.

"Mjomba, unaweza kuupiga picha ukuta?"

"Hauna mimba?" mjomba aliuliza, kwa kuwa hilo ndilo swali la kwanza la kazi yake.

"Sidhani."

"Basi kesho, saa ya chakula."

Jumatano mchana alikuja akisukuma ile mashine ya magurudumu, inayowafuata wagonjwa wasioweza kubebwa. Kitanda cha bibi kilisogezwa mita moja. Rula alikwenda koridoni, upande wa pili wa ukuta, akashikiza sahani ya picha kwa gundi ya karatasi. Mjomba akauambia ukuta usipumue, akapiga. Alipiga picha nne.

Hapakuwa na nondo. Mahali pa nondo palikuwa na mifupa. Mifupa ya paja ilipanda ndani ya nguzo, mmoja juu ya mwingine, imeungana vizuri. Juu ya dirisha mbavu zilikuwa zimejipinda zikabeba uzito. Vifupa vidogo vya kifundo cha mkono vilishindiliwa kwenye kona. Usawa wa kitanda namba sita palikuwa na mfupa mmoja wa paja ambao haujamalizika, ncha yake ya chini bado nyembamba.

"Huo ni wangu," bibi alisema alipoonyeshwa.

"Unajuaje?"

"Umepinda kidogo. Miaka arobaini nakanyaga cherehani, nisijue mguu wangu?"

Mjomba aliiinua picha kwenye mwanga. "Umeunga vizuri sana," alisema. "Mwaka huu sijaona mgonjwa aliyeunga hivi."

Daktari na injinia waliitwa. Walisimama dirishani wakiishika picha, huyu pembe hii, huyu pembe ile. Injinia alihesabu kwa ncha ya kalamu, midomo ikimchezacheza.

"Kila nguzo ilitakiwa nondo nne za milimita kumi na sita," alisema. "Mkandarasi hakuweka hata moja. Siku zote nilijiuliza jengo hili linasimamaje." Alionekana kama mtu aliyetolewa kijiwe kwenye kiatu.

"Tuwaondoe wagonjwa ukutani," daktari alisema.

"Ukiwaondoa litalegea. Na chini yetu ni wodi ya watoto."

"Kwa nini msiweke nondo sasa?" Rula aliuliza.

"Ni kufunga jengo miezi minane. Barua ya kufunga inasainiwa na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Ndiye aliyesaini kwamba nondo zimewekwa."

Injinia akaachia pembe yake ya picha. Kisha daktari akapendekeza maziwa. Wagonjwa wa vitanda vya ukutani wapewe maziwa mara mbili kwa siku, na wabadilishwe kila wiki nane ili mzigo usimlemee mtu mmoja. Injinia aliona ni busara. Kabla ya saa kumi nesi alikuwa ameshaandika ubaoni: *Vitanda 1–6, maziwa, asubuhi na jioni.*

Rula alimfuata injinia hadi ngazini.

"Samahani, mzee. Kwenye ripoti utaandika nini?"

"Kwamba jengo limesimama."

"Basi?"

"Binti yangu, mimi naulizwa kama limesimama. Siulizwi linasimama kwa nguvu za nani."

Akarudi kumuuliza daktari. Daktari alifikiri, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya.

"Mimi naulizwa mfupa umeunga au haujaunga," alisema. "Na ule wa ukutani, kusema haki, umeunga."

Alhamisi bibi alihamishiwa katikati, maana zamu yake ya wiki nane ilikuwa imetimia. Mama yake Rula alikuja na uji na nguo safi. Tangu matokeo yatoke, majirani walikuwa wakimwita Mama Daktari, naye alikuwa ameanza kuitika.

"Umeshaweka alama?" mama aliuliza.

"Nataka uhandisi, mama."

Mama alikunja nguo ambayo ilikuwa imeshakunjwa. "Nani atakayenitibu mimi?"

"Mwache," bibi alisema. "Madaktari wapo. Mmoja amenikalisha hapa wiki nane, na ni kijana mzuri tu."

Ijumaa Rula alipeleka fomu. Palikuwa na mstari mmoja wa sababu za uchaguzi. Aliandika: *Nataka kuuliza linasimama kwa nguvu za nani.* Karani alisoma, akamwambia mwandiko wake unasomeka, akapiga muhuri.

Mama hakusema naye siku tatu. Siku ya nne alimuuliza kama mainjinia nao huvaa koti jeupe.

"Huvaa kofia ngumu."

"Rangi gani?"

"Nyeupe zipo."

"Haya," mama alisema, na majirani wakaambiwa.

Bibi aliunga kwa wiki tano. Mguu ulibaki mfupi kwa sentimita mbili na nusu. Rula aliupima, akakata soli ya kuongeza kwenye kiatu. Kitanda namba sita kilikuwa kimekaa tupu siku nne tu. Siku hizo nne ufa ulirudi hadi sentimita thelathini, na mlango wa wodi ya watoto ukawa haufungi. Basi wakamleta mwalimu wa jiografia aliyeanguka kwenye ngazi za shule.

Siku hiyo hiyo, Rula alipokuja kumwona bibi, nesi alikuwa akimpa mwalimu kikombe cha maziwa.

"Mbona wale wa katikati hawapewi?" mwalimu aliuliza.

"Si yako, mwalimu. Ni ya ukuta."

Rula aliweka chini mfuko wa nguo, akamweleza yote: nondo, picha, paja la bibi. Mwalimu alisikiliza kama anayesahihisha jibu refu.

"Omba wakuhamishie katikati, mwalimu," Rula alimalizia.

Mwalimu aliitazama safu ya katikati. Ilikuwa imejaa.

"Na chini ya hapa kuna nini?"

"Wodi ya watoto."

"Aa," mwalimu alisema. Akanywa maziwa yote, akafuta mdomo, akajivuta taratibu na mguu wake mbovu hadi ubavu ukagusa ukuta.