Uso Mpya wa Mama Mkwe

Mtu yeyote aliyewahi kununua nyanya katika soko la Malaba alijua Akwii anafikiri nini kuhusu wanawake wanaokwenda kwa daktari kuvutwa uso. Hata kama hukuuliza, ungeambiwa. "Mungu alikosea wapi hata wewe umsahihishe?" angekuuliza, kidole kikielekea puani mwako kana kwamba wewe ndiye uliyepanga miadi. Kisha angekuonyesha kikopo cha Asili ya Muumba, mafuta ya shea kutoka Soroti aliyoyachanganya mwenyewe jikoni kwake na kuyauza kwa wanawake wote wanaoogopa makunyanzi, yaani wanawake wote. Alikuwa mjane, mwenyekiti wa akina mama wa parokia, na akisimama kuzungumza juu ya urembo wa asili hata padri alikaa chini akasikiliza.

Shida ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa usoni. Jua la sokoni halijui mwenyekiti ni nani. Mashavu yalikuwa yameanza kushuka na kope kulemea macho, na wateja wakawa wanatazama kikopo, kisha wanamtazama muuzaji, kisha wanakumbuka ghafla kwamba wameacha maharagwe motoni. Perez, rafiki yake na mshirika wake katika biashara, mwanamke ambaye hajawahi kulifunika neno, ndiye aliyemwambia.

"Mama Among, wacha nikuambie ukweli. Hii uso yako inatuharibia soko."

Akwii alicheka kwa sauti. Lakini neno hilo lilimchoma, likamchoma hata kanisani, hata mbele ya sahani ya chakula. Wiki hiyohiyo akatangaza kwamba anakwenda Soroti kutafuta shea mpya.

Tusidanganyane. Soroti hakufika. Alishuka Kampala, akaingia mlango wa daktari wa aina ileile aliyoilaani sokoni mchana kutwa, akalala kitandani kwake kwa hiari yake mwenyewe. Alivutwa mashavu, akainuliwa kope, akachomwa sindano za paji la uso ili lisikunjamane tena. Akajificha kwenye chumba cha kupanga mpaka uvimbe ukaisha, ndipo akarudi na miwani mipana ya jua, kilemba kilichoshuka hadi masikioni, na gunia la shea alilolinunua palepale Kampala kwa ajili ya ushahidi.

Mpakani, afisa alikitazama kitambulisho, akamtazama yeye, akakirudia kitambulisho.

"Dada, umebeba ID ya mama yako."

Mwanamke mwenye akili timamu angeingiwa na wasiwasi. Akwii aliona amebarikiwa.

Miwani ilipotoka, soko lilisimama. Perez alimzunguka mara kadhaa kama mtu anayenunua ng'ombe, akauliza ni nini hiki.

"Ni mafuta tu," alisema Akwii. "Shea ya safari hii ni kali."

Na watu wakaamini! Hapo ndipo utakapotuelewa sisi wanadamu. Kwa miaka tulimtazama akijipaka mafuta yale bila badiliko lolote, kisha akatoweka kidogo na kurudi amekuwa binti, na hakuna aliyejiuliza kitu. Vikopo viliisha kabla ya saa nne. Wanaume walitumwa na wake zao, na wengine walikuja bila kutumwa. Akwii na Perez wakakodi pikapu na kipaza sauti, wakaanza kuzunguka na ule uso kutoka soko hadi soko.

Sasa, Akwii alikuwa na binti mmoja tu, Among, aliyeolewa Mundika na kijana anayeitwa Ojiambo, muuza mitumba. Na kwa Wateso, kama ilivyo kwa watu wa kwao Ojiambo, mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja ataingia hata kwenye shamba la mihogo la watu ili mwenzake apite. Ndiyo heshima yenyewe. Na Ojiambo alikuwa mkwe wa kupigiwa mfano. Tangu aoe, mgongo wa mama mkwe wake aliufahamu vizuri, lakini uso wake aliuona mara chache, tena kwa mbali, tena akiwa ameyashusha macho. Picha yake alikuwa nayo kwenye simu ya mkewe, picha ya siku ya mahari, mama mzima wa makamo aliyejifunga leso.

Kwa hiyo Akwii alipopanga kwenda Bumala, ambako Ojiambo huuza nguo, alifanya alivyokuwa akifanya siku zote. Alimpigia Among kuuliza mumewe atakuwa wapi Jumamosi. Among akasema Jumamosi ni siku ya soko Khunyangu, Bumala hatakanyaga. Akwii akaenda kwa amani. Hakuna aliyeiuliza mvua. Ilinyesha Khunyangu kuanzia asubuhi, na Ojiambo, asiyetaka mashati yake yalowe, akafunga mzigo akarudi Bumala.

Alikuta umati umezunguka pikapu. Kwenye kipaza sauti aliisikia Asili ya Muumba ikisifiwa, mafuta ya mama mkwe wake, akajaa fahari. Juu ya pikapu alisimama mwanamke mzuri aliyevua kilemba, shavu limekaza, macho makubwa. Ojiambo hakusita hata kidogo. Alijua mama mkwe wake ni mtu wa makamo, na uso wa mama mkwe si habari ambayo mtu angemsimulia. Basi huyu ni mrembo aliyeajiriwa kutangaza.

Mauzo yalipopoa, Perez akiwa upande wa pili anarudisha chenji, Ojiambo alijipenyeza hadi kwenye bodi ya gari.

"Madam, wewe ndio mama mkwe yangu ameandika kazi? Amechagua vizuri! Msalimie sana. Mwambie Ojiambo anamheshimu mpaka uso yake haijui sawasawa."

Akwii alimtambua pale pale. Mama mkwe yeyote kwenye hali hiyo angejifunika leso na kugeuka, lakini kilemba kilikuwa chini ya maboksi, mkono mmoja umeshika kipaza sauti na mwingine kikopo. Alijaribu basi kumtisha kwa uso, akunje ndita, atoe macho, kijana aelewe kuna hatari. Paji la uso likakataa. Alilipia lisikunjamane, na halikukunjamana. Ojiambo aliona mwanamke ametulia anamtazama kwa upole.

"Kuja nikushushe, dada. Hii gari iko juu, utaumia."

Angeweza kusema. Neno moja tu, "mimi ni mkweo," lingetosha. Lakini wateja walikuwa wamejaa, na neno hilo lingevuta maswali ya mkwe gani asiyemjua mkwe wake. Akanyamaza. Ojiambo akampokea kiunoni kwa mikono miwili, mbele ya Bumala nzima, akamnyanyua, akamweka chini taratibu.

"Na uko mwepesi kama msichana wa shule!"

Na hapa ndipo pabaya, na sitaki kupaficha. Kwa kitambo kidogo sana, Akwii alifurahi. Hajashikwa kiuno tangu azike mume. Kisha Perez akazunguka gari, akaona, akapiga ukelele uliosikika hadi kituo cha matatu.

"Ojiambo! Umeshika nini? Huyo ni mama yake Among!"

Ojiambo alimwachia kama aliyeshika sufuria ya moto. Alitazama mikono yake, akamtazama Akwii, akatoka mbio, mzigo wa mashati ukabaki umeanguka kwenye matope. Kabla jioni haijafika, habari ilikuwa Mundika, Malaba, na ng'ambo ya mpaka pia.

Jambo kama hilo haliachwi likapoa lenyewe. Among aliletwa kwa mama yake akiwa na begi na macho mekundu, akae huko mpaka wazee waamue kama bado ana ndoa. Kikao kiliitwa nyumbani kwa mzee Eriaku, shemeji yake Akwii, mkuu wa ukoo baada ya kaka yake kufariki. Wazee walikizunguka chungu cha ajono, pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Ojiambo alikaa mbali kabisa, ameupa mgongo mlango wa nyumba waliyokaa wanawake, na mjomba wake Mathews akiwa kando yake kumsemea.

"Kijana yetu hakumjua," alisema Mathews. "Mtu hawezi kosea heshima mtu hajui."

"Hapo ndipo mimi nataka kuelewa," alisema mzee Eriaku, akautoa mrija mdomoni. "Shemeji yangu anasema ni mafuta. Mimi nimesikia kwa kipaza sauti, nyinyi mmesikia. Sasa mafuta inafanya nini? Inalainisha. Mtu akipaka mafuta si bado ni yeye? Mimi nikipaka, ng'ombe zangu zitanikimbia?"

Wazee wakacheka, wakakubali kwamba hazitamkimbia.

"Basi kama ni mafuta, uso ni ule ule, na huyu kijana alimjua akajifanya. Alete fahali, na mahari ianze upya. Kama hataki, msichana akae kwao."

Mathews alisimama, akapangusa suruali. Alisema kwao hakuna fahali wa kulipia matangazo ya biashara, na kama ndivyo ukoo huu unavyofanya, basi wabaki na binti yao, wao wana kazi nyumbani. Ojiambo aliinamisha kichwa. Ndani ya nyumba, Among alikaa kwenye kigoda, begi lake miguuni.

Akwii alisikia yote dirishani. Akili yake haikuwa ndogo, na aliona njia mbili wazi. Akisisitiza mafuta, biashara itabaki na binti atakosa ndoa. Akisema daktari, Ojiambo ataachiwa, na yeye hatafungua tena mdomo wake mbele ya mtu, si sokoni, si parokiani. Alifikiria pikapu. Alifikiria, aibu yake hii, vikopo vilivyokuwa vimebaki kwenye stoo. Alikuwa na hasira na Eriaku kwa kuwa na akili siku ambayo angepaswa kulewa. Kisha akamtazama Among, aliyekuwa anakunja na kukunjua pembe ya leso yake, akatoka nje.

Alisimama upande, Ojiambo asimwone, akafunua kilemba na kukunja sikio mbele.

"Mzee, kuja uangalie nyuma ya masikio."

Eriaku aliinuka, akatazama sikio hili, akatazama lile. Kovu jembamba lilizunguka kila moja kama mshono wa mto.

"Hii imeshonwa," alisema.

"Imeshonwa. Nilienda Kampala. Mafuta haifanyi kitu, mzee. Ni mafuta tu. Mtoto wa watu hakuwa na njia ya kunijua, kwa sababu ile uso anajua haiko tena."

Ni mzee mmoja tu aliyeendelea kunyonya mrija wake. Eriaku akarudi kitini na kutoa hukumu ambayo watu wanaicheka mpaka leo. Ojiambo hana hatia, maana alimshika mwanamke mgeni. Mbuzi wa kusafisha mwiko atatoka kwa Akwii mwenyewe, kwa kosa la kubadilisha mama mkwe bila kuwaarifu wakwe. Na kwa kuwa sasa kuna sura mpya kwenye ukoo, italetwa ionyeshwe rasmi siku ya mbuzi, kutoka mbali, kijana ajue ni ipi ya kuikimbia.

Akwii aliingia jikoni akingoja kutemewa mate. Wanawake wa parokia, waliokuja kuwapikia wazee na kusikia yote, walikuwa wamejaa humo, Perez mbele yao, wote walewale waliokuwa wakimpigia makofi kila alipolaani visu vya madaktari. Walikuwa wameikaza mikono kifuani. Mugeni, mweka hazina wa chama chao, ndiye aliyeanza.

"Mwenyekiti, umetuumiza sana," alisema, kisha akasogea karibu. "Lakini huyo daktari, anafanya shingo pia?"

Hapo jiko likapasuka. Mmoja alitaka kujua kuhusu tumbo, mwingine kama mume anaweza asigundue. Perez alikuwa tayari ameshaokoa biashara: mafuta yatauzwa kwa kupaka makovu. Akwii aliwatazama, na kitu kama kicheko kikampanda kifuani. Hakuna aliyemkasirikia. Kumbe hakuna aliyewahi kumwamini hata siku moja, walikuwa wakisubiri mtu wa kutangulia.

Alikuwa karibu kufurahi alipoona Among amesimama mlangoni na begi lake. Ojiambo alikuwa uani, mgongo umegeuka, anamsubiri.

"Enda, mama," Akwii alimwambia. "Imeisha vizuri."

"Asante kwa kusema ukweli," alisema Among. Lakini hakuondoka. Alikuwa anamtazama mama yake mashavu, kisha macho, kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali. "Mama, nikuulize. Ile uso ya kwanza ilikuwa na shida gani?"

"Ilikuwa imezeeka tu, mwanangu. Ilikuwa mbaya. Watu walikuwa wananiangalia mpaka..."

"Kila mtu alikuwa anasema ni yangu," alisema Among. "Tangu nikiwa mdogo. Hata Ojiambo, akiangalia ile picha ya mahari, anasema ndio hivyo nitakuwa nikiwa mzee, na anasema akifurahi. Mimi pia nilikuwa nafurahi. Sasa niambie, mimi naanza kuwa mbaya lini, ndio nijipange?"

Akwii alikuwa na maneno ya urembo wa asili ya kujaza kanisa zima, yote aliyajua kwa moyo, na hakuna hata moja aliloweza kumwambia mtoto wake. Among akaitikia kwaheri ya wanawake, akatoka uani, akatembea nyuma ya mumewe hadi barabarani. Akwii alitaka kumfuata, lakini Ojiambo alikuwa njiani, na heshima haikumruhusu.

"Mwenyekiti," alisema Mugeni, akimvuta kiwiko, simu yake ameshaifungua. "Hiyo namba ya daktari, nisomee."