Pofu Wangu wa Kwanza

Wanaonisifu kwa yule pofu niliyemuua Usangu mwaka 1971 wananiudhi. Kweli, alikuwa swala mkubwa kuliko fahali, na nilimpiga mshale mmoja tu wenye sumu. Lakini alikimbia nao, akapotelea kwenye majani marefu, na peke yangu nisingemwona tena. Aliyemfuata kwa harufu tangu asubuhi hadi alasiri, mpaka tukamkuta amekufa, ni mbwa wangu Mapengo.

Mjomba Malimi, aliyenifundisha upinde, alikuwa amenionya mara nyingi: nyama inayozunguka jeraha ina sumu, ikate, kisha uifukie. Kuikata, niliikata. Kuifukia, nani angekumbuka? Nilikuwa naimba na kucheza peke yangu kama mwehu. Niliitupa nyuma yangu bila hata kuangalia, nikaanza kuchuna ngozi.

Mapengo alidhani nimempa fungu lake. Kwani alikosea? Mwindaji gani anakula kabla ya kumgawia mbwa wake?

Nilipogeuka kumkatia ini, alikuwa chini anatapatapa, na mkia wake bado unanishukuru.