Baba wa Watoto Arobaini na Mmoja

Fundi cherehani alikuwa wa nane kwenye foleni ya ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, pini bado zimemkaa kwenye ukosi wa gauni, maana alitoka kibandani mbio bila kujitazama. Saa sita kamili mwalimu mkuu anafunga orodha ya mtihani. Bila cheti cha kuzaliwa, binti yake atakaa nyumbani mwaka mzima.

"Baba wa mtoto yuko wapi?" karani aliuliza, hata fomu hajaishika.

"Aliondoka mtoto hajaota jino."

"Basi lete mwanaume. Babu, mjomba, yeyote. Mwanamke hasaini peke yake hapa. Anayefuata!"

Alitoka nje na fomu yake. Pale ukutani alikaa mzee mshona viatu, kiatu kimoja kimebanwa katikati ya magoti. Alimtazama mara moja tu, akajua.

"Wamekutaka mwanaume, mwanangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Haya, twende. Mtoto anaitwa nani? Ana miaka mingapi? Nitajie upesi, nisije nikamsahau damu yangu."

Fundi akacheka huku machozi yanamlenga. Kumbe wanawake wengi waliokwama pale walipitia kwa mzee huyu. Hakumdai mtu kitu. Zamani mama yake mzee naye alirudishwa kwenye dirisha lile lile, ndiyo maana mzee hakusoma.

Waliporudi, karani alikuwa ameenda kuchukua chai. Kwenye kiti chake alikaa bosi mpya, mama mmoja mwenye miwani. Akaisoma fomu, akafungua daftari, akapekua nyuma, akapekua mbele, akarudi tena nyuma.

"Mzee, hongera. Huyu ni mtoto wako wa arobaini na mbili. Na saba umewapata mwezi mmoja."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Fundi hakucheka. Mawazoni aliona polisi, aliona saa sita inapita.

"Nimemleta mimi, mama," alisema. "Msimkamate. Karani kasema mwanamke hasaini peke yake."

"Kasema nini?" Bosi akavua miwani. "Sheria ilibadilishwa miaka sita iliyopita! Mama anatosha."

Karani alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Waraka wa sheria hiyo uko kwenye droo, bosi. Hatukuubandika. Pini ziliisha."

Hakuna aliyecheka tena. Miaka sita. Fundi aliwaza wale arobaini na mmoja, kisha akawawaza wanawake ambao hawakumwona mshona viatu, wakageuka tu na watoto wao, wakaenda zao.

"Saini hapa," bosi alimwambia. "Wewe mwenyewe."

Alisaini. Muhuri ukagonga pa! Saa tano na robo.

"Kwa hiyo mimi ubaba nimefukuzwa?" mshona viatu aliuliza.

"Tena kesho uje, tukufute kwa hao wengine wote."

"Alhamdulillahi. Nilikuwa nimeshaanza kuwachanganya majina."

Fundi alikuwa bado dirishani.

"Huo waraka nipeni."

Alichomoa pini nne ukosini, akaubandika kwenye ubao juu ya kichwa cha karani, akiuvuta kila pembe kama avutavyo kitambaa kisibaki na mkunjo. Pini ya tano akaiweka mezani, karibu na kikombe cha chai.

"Ya akiba, kaka," alisema, akakimbilia shule.