Mla Sadaka

Hasani alikuwa na wiki tatu porini, na kwa mtu anayetafutwa kwa mauaji, alikuwa amenenepa.

Vilima vya juu ya Kolo vina mapango mengi, na hilo alilolichagua lilikuwa la matambiko. Mvua zilichelewa, kwa hiyo watu walipanda na ugali wa uwele, nyama ya kondoo na vibuyu vya pombe, wakasema haja zao, wakashuka. Kesho yake walirudi kuangalia. Chakula kikiisha, wazee wa kale wamekubali, kikibaki, wamekataa. Hasani hakubakiza hata mfupa. Kijijini ikavuma kwamba mwaka huu wazee hawana kinyongo na mtu, na mabakuli yakaongezeka. Alikula haja za watu bila kusita: mvua, mtoto, mume mwenye akili. Pombe aliimwaga. Yeye ni Mwislamu, alijiambia, hanywi.

Alikuwa amemuua jirani yao, Msafiri, kwa mpini wa jembe, katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Hakuna aliyeona, ila kutoroka kwake kulitosha watu kumshuku. Alikimbia moja kwa moja kutoka shambani, hata kwa mkewe Nasra hakupitia.

Ijumaa moja mchana alisikia mtu akihema njiani, akajibana nyuma ya jiwe. Alikuwa mama yake, Bi Batuli, ambaye maisha yake yote aliwaita wanaokwenda pangoni washirikina. Alitua bakuli la ugali na kuku mzima, akakaa chini, akasema kwa sauti ya mtu anayeona haya.

"Mnisamehe, sijui mnavyosemeshwa. Mwanangu Abdulwahab kajipeleka polisi Kondoa. Kasema yeye ndiye aliyemuua Msafiri, eti kwa kuwa kaka yake ana mke na watoto, yeye hana. Jumatatu wanampandisha mahakamani. Nirudishieni huyo. Hasani sijui aliko, nimeshamlilia. Huyo mmoja tu."

Hasani aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Mama alipoondoka, aliapa hatagusa bakuli lile. Kiapo kilidumu mpaka saa kumi. Akajiambia chakula ni chakula, akala, akafuta bakuli kwa kidole.

Asubuhi Bi Batuli alirudi. Alipoona bakuli tupu alipiga magoti, akacheka na kulia kwa pamoja, akashukuru kila aliyemjua na asiyemjua humo ndani. Kisha akaanza kushuka haraka, na magoti yake yale mabovu, akisema anakwenda kumtandikia Abdulwahab kitanda.

Kilio chake Hasani angekivumilia. Furaha ile ilimshinda.

"Shikamoo, mama."

Bi Batuli aligeuka. Alimtazama mwanawe, mashavu yaliyojaa, ndevu zenye mafuta ya kuku, kisha akatazama bakuli tupu alilolibeba.

"Ni wewe uliyekula?"

"Ni mimi."

"Na sadaka za wenzangu?"

"Zote."

Aliketi juu ya jiwe, mikono kichwani. Hasani alingoja atukanwe, au aambiwe akimbie, na moyoni aliomba iwe hilo la pili.

Bi Batuli akasimama. Alilifunga bakuli ndani ya kanga, machozi yakimtiririka bila sauti, akamshika mwanawe mkono kwa nguvu.

"Umekula haja yangu," alisema. "Twende Kondoa."