Mwalimu Mirlande wa Kwenye Redio

Redio ilipandishwa mlimani Fon Sitwon kwa mgongo wa nyumbu, imeviringishwa taulo kama mtoto mchanga. Ilikuwa na kibao cha kunasa jua, na ndani yake masomo mia moja ya hesabu, yaliyoandaliwa na wizara ya Haiti na wenzao wa Kanada kwa ajili ya shule ambazo walimu wake hawakuusomea ualimu. Odilon Bazelais alikuwa mmoja wa walimu hao. Kazi yake halisi ilikuwa ufundi saa, huko Port-au-Prince. Tetemeko la ardhi lilipommalizia kila kitu akarudi kwao, akapewa darasa la pili, watoto hamsini na wanne, kwa kuwa alijua kusoma na hakuwa mlevi.

Sauti iliyomo redioni ni ya nani, hakuna aliyemwambia. Na nani angemwambia? Waliozigawa redio walijua majina ya shule, si majina ya wagane.

Asubuhi ya kwanza akabonyeza kitufe. Ngoma ikalia kidogo, kisha ikaja sauti ya mwanamke mwenye kicheko karibu.

“Hamjambo, watoto wazuri! Mimi ni Mwalimu Mirlande. Mmekula?”

“Ndiyooo!” darasa likaitika, hata wale ambao hawakuwa wamekula.

Odilon akatoka nje. Alishika ukuta kwa mikono miwili. Humo ndani somo halikumngoja.

“Tatu jumlisha nne?”

Redio ikanyamaza.

“Saba!” watoto wakajibu.

“Hongereni! Nilijua mtaweza.”

Kimya kile alikifahamu kuliko mtu yeyote duniani, maana alikipima mwenyewe. Mirlande alikuwa akijizoeza kusoma mezani jikoni, naye Odilon akimshikia saa. Mwanzoni mkewe aliacha sekunde tatu kati ya swali na pongezi.

“Tatu? Unafundisha au unafukuza kuku?” Odilon alimwambia.

“Kwani wewe ulikuwa mzito hivyo?”

“Zaidi ya hivyo. Mtoto wa mlimani mpe tano, mama.”

Zikawa tano. Kufikia Januari 2010 walikuwa wamerekodi masomo themanini na saba. Tarehe kumi na mbili Mirlande aliondoka na karatasi za la themanini na nane kwapani, na jioni ile tetemeko likalilaza chini jengo la studio. Odilon alichimbua kifusi siku nne. Alichopata ni kiatu kimoja, nacho hakikuwa cha mkewe. Hakuzika kitu.

Sasa, miaka karibu mitatu baadaye, mkewe aliingia darasani kila siku saa mbili kamili. Aliwaimbisha watoto, akawahesabisha vidole. Mara nyingine alimgeukia yeye: “Mwalimu, pita nyuma uwaangalie wanaoogopa.” Odilon akapita nyuma. Watoto hawakuwa na shaka kwamba Mwalimu Mirlande anawasikia. Islande, binti wa miaka tisa, mbishi, alileta pera akaliweka juu ya redio.

“La Mwalimu Mirlande. Wewe usilile.”

Shule ikifungwa, Odilon alibaki. Alirudisha somo mwanzo, na katika zile sekunde tano akawa anasema yake, haraka haraka: kwamba mvua imebomoa njia, kwamba amekonda, kwamba alimtafuta. “Hongereni!” sauti ikamjibu. “Nilijua mtaweza.” Alifunga mlango, na kesho yake akarudia yale yale.

Bi Clermina, mpishi wa shule, alimzuia uani.

“We Odilon, mchana kutwa unaongea na nani humo?”

“Nasahihisha madaftari, mama.”

“Na madaftari yanakujibu? Mwanangu, watu wameanza kusema.”

Aprili wakafika somo la themanini na saba. Asubuhi iliyofuata Odilon alisimama mbele ya redio kitambo kirefu, kisha akabonyeza somo la kwanza.

“Mwalimu, hili tulishafanya,” akasema Islande.

“Tunarudia.”

“Tunarudia mpaka lini? Mdogo wangu naye sasa analijua, na hajaanza shule!”

Darasa likacheka. Odilon hakucheka. Wakarudia wiki tatu.

Ndipo akaja mkaguzi wa mradi, Marguerite Thibodeau, mama wa makamo kutoka Kanada aliyeongea Kikreyoli kama mtu wa sokoni. Alifungua daftari lake.

“Mwalimu, wenzako wako somo la tisini na tano. Ninyi la kumi na tatu. Redio ina ubovu?”

“Haina. Anayesoma ni mke wangu.”

Yule mama aliketi kwenye benchi la watoto, magoti yakamfika kifuani.

“Nilikuwa naye studioni siku ya tetemeko,” akasema. “Simu yangu ililia, nikatoka uani. Nikamwambia, anza bila mimi.”

“Alianza?”

“Alianza. Dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia akiwasalimu watoto.”

“Alikuwa na hofu?”

“Hofu ya nini, kaka? Alikuwa anacheka.”

Odilon aligeukia ubao akaufuta, ingawa haukuwa na maandishi.

“Wenzangu walitaka tuyafute masomo yake yote tuanze upya na mtu mwingine,” Marguerite akaendelea. “Mimi ndiye niliyekataa. Sikuwaza kwamba yuko wa kuumia hivi. Ukisema tuyaondoe, tutayaondoa, shule zote.”

Odilon akamwomba ampe muda.

Kesho yake aliweka somo la themanini na nane.

“Hamjambo, watoto! Mimi ni Mwalimu Guerline,” ikasema sauti nyingine, nzuri tu, haina kosa. “Sita mara tatu?”

Watoto hamsini na wanne walikodoa macho. Hakuna aliyefungua mdomo. “Hongereni!” ikasema redio kwa darasa lililonyamaza. Odilon akaizima.

“Mwalimu Mirlande yuko wapi?” Islande akauliza.

“Amekufa. Alikufa kwenye tetemeko, nyinyi hamjaanza hata shule. Alikuwa mke wangu.”

“Lakini juzi alituambia hongereni.”

“Ndiyo.”

“Sasa aliyekuwa anatusikia ni nani?”

“Mimi,” akasema Odilon. “Ni mimi tu niliyekuwa nawasikia.”

Mtoto mmoja nyuma akaanza kulia, wengine wakamfuata. Siku hiyo hawakusoma hesabu.

Masomo yaliyobaki aliyafundisha kwa mdomo wake, kitabu mkononi, vibaya mwanzoni, baadaye afadhali. Kwa Marguerite alituma barua ya mstari mmoja: msiyaondoe.

Oktoba iliyofuata alikuwa akiteremka kwenda mjini Jérémie kutafuta madaftari, pamoja na Bi Clermina aliyejitwika kikapu. Ng'ambo ya korongo kulikuwa na shule asiyoijua, na kutoka huko ikavuka sauti ya mkewe, ikiwauliza watoto wa watu kama wamekula. Wakaitika. Odilon akasimama.

“Twende, mwanangu, jua litatukuta njiani.”

“Tangulia, mama. Nakuja.”

Bi Clermina alimtazama, akatua kikapu, akaketi juu ya jiwe. Wakangoja wote wawili mpaka somo likaisha.