Chai ya Maziwa Kwenye Kiti cha Mbele

Mimi ni dereva wa teksi, na mdomo wangu hauna breki. Ndivyo asemavyo mume wangu, na mara nyingi hakosei. Lakini wiki ile niliufunga kabisa, kwa sababu ya mama mkwe.

Nilikuwa namrudisha kutoka kliniki. Foleni haisogei, naye yuko kimya kiti cha mbele. Tulipofika nyumbani hakutaka kushuka. Nikazunguka kumfungulia mlango, ndipo nikaona kiti kimelowa. Nilimshika mkono, nikampeleka bafuni, nikamtengea maji ya kuoga. Nilidhani yameisha, kumbe kwake ndiyo kwanza yanaanza.

Tangu siku hiyo hakukaa tena kwenye kochi. Alijitafutia stuli ya plastiki, akaiweka karibu na mlango wa sebuleni, na kila akiinuka anaifuta. Gari ndilo hakutaka hata kulisikia. Kisha nikaona begi lake nyuma ya mlango wa chumba chake, limefungwa zipu.

"Jumamosi naenda kwa kaka yangu," alisema. "Mmenitunza vya kutosha."

Nililia jikoni, sioni aibu kusema. Huyu mama ndiye aliyekuja nilipojifungua mtoto wa kwanza, wakati sina mama wala shangazi wa kunishika mkono. Alifua mashuka yangu, damu na yote, akayaanika, akaingia ndani kuniuliza kama nimekula. Hakukunja pua, na mpaka leo hajawahi kunikumbusha. Watu husema mama mkwe ni shubiri. Wangu mimi ni asali, na asiyeamini aje achovye.

Basi nikamwambia mume wangu tununue mashine ya mvuke, ya kochi na ya gari. Kiti kile nilikuwa nimekisugua kwa sabuni na brashi mpaka mikono ikachubuka, lakini jua likiwaka tu harufu inarudi, na abiria wanashusha vioo bila kuniuliza. Mume wangu alikubali upesi. Yeye kitu chochote chenye taa na vitufe hakimpiti.

Muuzaji alikuja mwenyewe na mashine mbili ndani ya buti ya gari lake. Alikuwa jamaa mnene, mcheshi, anayeongea huku akifanya kazi.

"Mashine hainunuliwi kwa picha, dada," aliniambia, akizipanga uani karibu na teksi yangu. "Hii kubwa ina tangi, na mpira wake mrefu unafika mpaka chini ya viti. Ila unasubiri ichemke, na ukitaka kuongeza maji, ipoe kwanza, usije ukajiunguza. Hii ndogo ni ya mkononi. Inachemka upesi, lakini maji yake yanatosha kiti kimoja. Cha pili, unajaza tena."

"Kubwa," mume wangu akasema, kabla mwenzake hajafunga mdomo.

Hata mimi moyo wangu ulikuwa kwenye kubwa. Nilikuwa napiga hesabu ya mazulia na mapazia, ndipo mama mkwe akatokea mlangoni na shuka mkononi.

"Imefika? Nikae wapi?"

Tukatazamana.

"Si mlisema ni mashine ya mvuke? Haya mafua yamenichosha. Nifunikeni, nijifukize."

Muuzaji alicheka mpaka akaegemea gari. Mume wangu alikaa chini kabisa. Na mama mwenyewe, alipoelewa, akacheka akifuta macho kwa ncha ya shuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu siku ile ya kliniki, nami nikamshukuru Mungu kwa mafua yake.

Muuzaji akafungua mlango wa mbele wa teksi, akainama, akanusa.

"Hili doa la nini?"

Kicheko cha mama kikakatika. Mume wangu akafungua mdomo, mimi nikamkanyaga mguu.

"Chai," nikasema. "Nilimwaga mimi. Hizi haraka zangu hizi."

"Chai?" Akanusa tena.

"Ya maziwa. Una swali?"

Alinitazama. Akamtazama mama, ambaye sasa alikuwa amelikunja shuka likawa dogo kabisa, kisha akatazama chini.

"Sina swali, dada. Ila ya maziwa haitaki moto kwanza. Moto unaigandisha harufu humo humo. Unaanza na maji baridi na siki, unafyonza kwa kitambaa, halafu ndiyo mvuke." Akachukua chupa yake ya siki. "Hata nyumbani kwetu humwagika. Baba yangu... baba yangu anapenda sana chai."

Sikumjua mtu huyu, na pengine sitamwona tena, lakini nilitamani kumkumbatia.

Akaanza kazi. Alilowesha, akafyonza, kisha akapitisha ile mashine ndogo taratibu huku ikifoka mvuke, na kitambaa kikatoka na uchafu wa rangi ya udongo. Mama akasogea hatua kwa hatua, mpaka akawa nyuma ya bega la muuzaji. Kiti kilipokwisha aliinama, akanusa kwa makini kama anayenunua samaki.

Kisha akauliza, "Hiyo kubwa inainuliwaje?"

"Ina magurudumu, mama," mume wangu akasema. "Ukiihitaji unaniita tu, nakusukumia."

"Sijauliza nani atasukuma."

Akaichukua ile ndogo kwa mpini, akaipima uzito kama birika, akaipeleka kulia na kushoto.

"Hii naiweza mwenyewe," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi nilikuwa natafuta mashine ya kumsafishia. Yeye alikuwa anatafuta ya kutomwita mtu.

"Tunachukua ndogo," nikasema.

"Lakini ule mpira mrefu..." mume wangu alianza, kisha akamtazama mama yake alivyoukamata ule mpini. Mume wangu ana mambo yake, ila ujinga si mojawapo. "Ndogo, basi," akasema, na sauti yake haikuwa sawa.

Ikafika Jumamosi. Sikuwa nimemuuliza kitu kuhusu safari. Ulimi niliung'ata siku zote hizo. Asubuhi nilikuwa natafuta funguo za gari niende kazini, mara nikasikia mashine inafoka sebuleni.

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi, kitambaa begani, anapitisha mvuke kwenye mto wa katikati. Basi alikuwa amekaa kwenye kochi! Pembeni yake lilikuwa lile begi, zipu wazi, na ndani yake hamkuwa na nguo hata moja. Mlikuwa na brashi, vitambaa vilivyokunjwa vizuri, na chupa ya siki.

"Kulikoni, mama?"

"Chai, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Nimemwaga."



"Ya maziwa?"

"Ya maziwa."

Nikaweka funguo mezani, nikaenda jikoni kuchemsha nyingine.