Shati Lisilochanika

Siku ya tano tangu Shangazi ahamie nyumba mpya, alikuwa bado hajatia kitu kinywani zaidi ya maji, na Mzee Mabomba alikuwa ameishiwa na maarifa.

Shangazi alikuwa sokwe. Jina hilo alipewa na wafanyakazi wa bustani ya wanyama kwa jinsi alivyowatazama wageni kuanzia viatuni hadi utosini, kama shangazi aliyeletewa mchumba wa mpwa wake amkague. Alikuwa amekaa miaka ishirini na miwili katika chumba cha zege chenye nondo upande mmoja, hatua nne kwa tatu, sakafu ikinuka dawa ya choo. Mzee Mabomba alimtunza kwa miaka kumi na mitano kati ya hiyo. Jina lake yeye lilitokana na mabomba ya plastiki aliyoyatoboa matundu na kuyajaza karanga na asali, ili mnyama apate kazi ya kuchokonoa badala ya kushinda akijinyonyoa manyoya.

Mabomba hayakutosha, na mzee alilijua hilo. Kwa miaka sita alilivalia njuga suala la nyumba. Aliandika barua, alikaa vikao, alimganda mkurugenzi hadi mkurugenzi akawa akimwona kwa mbali anageuza njia. Hatimaye nyumba ikajengwa: uwanja wa nyasi, miti mitatu ya kweli, kamba za kupandia, jukwaa la kuotea jua, na chumba cha kulala chenye majani makavu tele. Michoro yote ilipita mikononi mwake. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu, na wenzake walimtania kwamba anajenga kasri halafu anawaachia wengine. Alicheka nao. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemwoza binti yake pazuri.

Sasa Shangazi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba cha kulala, ameipa miti mgongo, hataki hata kuzikanyaga nyasi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebaki ngozi tupu kuanzia kiwiko hadi kiganjani, na katikati pana kidonda. Mzee alimwekea papai, akamwekea mayai ya kuchemsha, uji wa asali, maji ya matunda yaliyogandishwa. Waliofaidi ni sisimizi.

Jana yake jioni daktari wa wanyama, mwanamke wa umri wa kuwa bintiye, alikuja akachuchumaa kando ya mzee.

"Mzee, figo zake zimeanza kuchoka. Nimepima mkojo."

"Tumpe muda, Daktari. Hajazoea."

"Muda nimempa. Kesho saa kumi nitarudi. Kama hajala, nitamlaza kwa sindano. Siwezi kumwacha afe njaa huku tunamwangalia."

"Kumlaza ndiyo kumwua. Sema tu."

"Ndiyo, Mzee," daktari alisema taratibu. "Kumwua."

Usiku huo mzee hakupata usingizi, na asubuhi chai ilimpoa mbele yake. Alikuwa ameshika tama mezani wakati mkewe alipoingia na nguo alizozianua kambani. Mama huyo alikaa, akatunga uzi kwenye sindano kama alivyozoea, akalivuta shati la kazi la mumewe na kuligeuza bega la kulia. Akaligeuza tena.

"Hili nalo zima," alisema.

"Nini?"

"Shati. Hili ni la tatu wiki hii. Miaka yote hii nakushonea bega moja tu, la kulia, mpaka nimekuwa fundi. Leo halina hata uzi uliochomoka. Kulikoni, umeachana na yule mke mwenzangu?"

Alisema kwa utani, kama kawaida yake. Lakini mzee alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

Mambo yalikuwa hivi. Kila siku mchana, kule kwenye chumba cha zege, Mzee Mabomba aligeuza ndoo, akaikalia, akaegemeza mgongo kwenye nondo na kula chakula chake. Shangazi alikuja nyuma yake, akapenyeza vidole na kuanza kumchambua bega: uzi, vumbi, chembe ya mbao, huku akipiga midomo ta-ta-ta kama mtu anayeonja mchuzi. Sokwe huchambuana hivyo na wenzao siku nzima. Shangazi hakuwa na mwenzake, alikuwa na bega la mzee. Na hilo bega hakulipata mara moja. Mzee alikalia ile ndoo miaka minne mizima kabla kidole cha kwanza hakijamgusa.

Ilikuwa marufuku. Mfagiaji mmoja aliwahi kung'atwa ncha ya kidole kwenye nondo hizohizo, na tangu hapo wote walijifanya hawaoni ndoo ya mzee. Yeye mwenyewe aliuona ni udhaifu wake, tabia mbaya ya mtu mzima, na hakuuandika katika ripoti hata moja. Kikao cha kupitisha michoro kilipofika, ni yeye aliyesimama kudai wavu wa chuma ambao hata kidole cha mtoto hakipiti. Usalama kwanza, alisema, na wakampigia makofi. Alihesabu kamba, akahesabu miti. Bega hakulihesabu.

"Mama," alimwambia mkewe, "nimemwua kwa mkono wangu mwenyewe."

"Hajafa," mkewe alijibu. "Vaa shati."

Alifika bustanini akaenda stoo moja kwa moja, akachukua msumeno wa chuma bila kusaini popote. Alichagua mahali kwenye wavu karibu na kizingiti, kimo cha bega la mtu aliyekaa, akaanza kukata. Nyaya zilikuwa nene, naye alikuwa amezichagua nene makusudi. Bledi ya kwanza ilikatika. Shangazi aliusikia ule mlio akakimbilia ndani kabisa, akajifunika majani kichwani, na mzee akaendelea kukata huku akijilaani, maana aliona anazidi kumtia hofu yuleyule anayetaka kumwokoa. Saa nane ilipita. Saa tisa ikapita. Malengelenge yalimpasuka kiganjani. Tundu lilipofikia ukubwa wa sahani, alizikunja ncha kwa koleo zisimchome mtu, akaleta ndoo na papai la vipande, akaigeuza ndoo na kukaa, mgongo kwa Shangazi.

Aliogopa. Sokwe mwenye hasira anaweza kumng'oa mtu sikio, na huyu alikuwa na kila sababu. Hata hivyo hakugeuka.

"Shangazi, nisamehe," alisema. "Nilidhani nakujengea."

Jua lilimpiga usoni. Alipiga hesabu ya dakika, akaona hazimtoshi, na kweli baada ya kitambo akasikia viatu vya daktari kwenye kokoto. Daktari alikuwa na kisanduku chake mkononi. Aliona tundu, akaona ndoo, akasimama palepale.

Majani makavu yalichakarika. Pumzi ya moto ikamfikia mzee shingoni. Kisha kidole kikaligusa shati, kikapekua mshono, kikaushika uzi na kuuvuta. Ta-ta-ta.

Mzee Mabomba alilia waziwazi, mbele ya mtu wa umri wa bintiye, na wala hakujifuta. Alichukua kipande cha papai, akakipitisha juu ya bega. Kilichukuliwa. Akasikia kinatafunwa. Akapitisha kingine.

Walikaa hivyo mpaka papai likabaki maganda. Ndipo daktari alipoweka kisanduku chini.

"Na miezi minane ikiisha, Mzee?"

Mzee alikuwa analingoja swali hilo tangu pale mezani kwake. Alijisogeza kidogo kwenye ndoo ili kuacha nafasi mbele ya tundu.

"Njoo ukae," alisema. "Geuka, umpe mgongo."

Daktari hakuwahi kumpa mnyama mgongo maishani mwake. Alikuja, akakaa chini kwenye kokoto, akaegemea wavu. Shangazi alilinusa koti lake jeupe, akalitazama juu hadi chini, kisha akarudi kwenye bega la mzee. Wakangoja. Kivuli cha miti kilivuka uwanja. Daktari alikufa ganzi miguu yote miwili, na hakuna kidole kilichomgusa.

"Wewe ilikuchukua muda gani?" aliuliza mwishowe.

"Miaka minne."

Daktari alilivua koti. Kisha akalikunja akalikalia, akamrudishia Shangazi mgongo.